Kaya ya Watu Sita

Swedi alifika Jumanne saa nne asubuhi, kishikwambi chake akiwa amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi. Nyumba ya Emiliana iko nyuma ya kijiji cha Zuzu, ng'ambo ya reli, ya tatu ukitoka kanisani. Emiliana alikuwa uani anapepeta uwele, na upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unamsaidia kazi. Swedi alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Maji hakupewa mpaka aliposema shida yake, maana siku zile waliokuja na vishikwambi walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa anaandika lake.

Alieleza vizuri. Mfuko wa afya umefanyiwa mageuzi. Zamani mtu alijitibu kwa hela yake mpaka mbuzi wanakwisha zizini. Sasa kaya nzima inachangia mara moja kwa mwaka, inapewa kadi moja, inatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya wilaya. Emiliana akauliza kama mchango ni uleule hata mtu akiugua mara kumi. Swedi akasema hata mara mia. Habari ilikuwa imeshatangazwa kanisani, na Yotham, mtoto wa pekee wa Emiliana, alikuwa ameacha hela chini ya chungu tangu Jumapili. Hapakuwa na ubishi.

"Katika kaya hii mko wangapi, mama?"

Swali hilo lilikuwa baya, ila Swedi hakujua. Yeye ni mtoto wa mjini, wa nyumba za karibu na soko, kwao watu wanahesabika. Katika nyumba ya Emiliana yanahesabiwa madebe ya uwele, watu hawahesabiwi. Ukiulizwa mko wangapi unataja majina, na anayesikiliza atahesabu mwenyewe akipenda, dhambi itakuwa yake. Na anayetaja hajitaji. Ajitaje kwa nini, na ameketi mbele yako unamwona? Kwa hiyo Emiliana alitaja: Yotham, mwanangu. Priska, mkewe. Anitha. Denis. Miriam. Na Gerson, huyo mdogo anayekimbiza kuku. Kisha akaendelea kupepeta.

Swedi akaandika majina sita. Fomu ilikuwa na nafasi sita, na ya sita ilipojaa kishikwambi kikatoa mlio na alama ya kijani ikatokea: kaya imekamilika. Alidhani yule mama ana kaya yake mahali pengine. Alikunywa maji, akashukuru, akaenda nyumba ya nne.

Kosa lingegunduliwa palepale kama Yotham angekuwepo. Lakini Yotham ni fundi vigae. Mwaka wa saba huo anatandika vigae kwenye majengo ya serikali kule Mtumba, upande wa pili kabisa wa mji, anatoka alfajiri na kurudi jua limezama. Alipoambiwa jinsi ilivyoandikwa alimpigia Swedi simu. Swedi akasikitika kweli, akasema dirisha la masahihisho litafunguliwa mwezi wa saba mwakani, mfumo ndivyo ulivyo. Emiliana akasema haina neno, yeye haugui. Ilikuwa kweli. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miwili tu pungufu ya wazee wanaotibiwa bure, na mara ya mwisho kulala kitandani mchana ilikuwa siku ya kumzaa Yotham.

Kadi ililetwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nane mchana. Wakati huo Denis, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa siku ya tatu yuko mkekani na homa, macho mekundu, hali chochote. Priska aliipokea kadi, akaisoma majina kwa sauti mmoja mmoja ahakikishe. Alipomaliza kusoma, Denis akaketi, akauliza kama kuna kiporo. Emiliana alikuwa jikoni anasonga ugali. Mwiko ukamtoka mkononi.

"Homa ya Denis imenijia," alisema.

"Basi kalale, mama," Priska akasema. "Nitamalizia mimi."

Akaenda kulala kwenye mkeka uleule, ambao ulikuwa bado una joto. Denis alikula ugali na mlenda, akaenda mpirani.

Siku ya pili Emiliana alikwenda zahanati akiwa ameshika kadi. Mganga pale ni Shamila, binti mpole anayefanya kazi ya watu wanne na kulipwa ya mmoja. Alimtoa damu, akapima, akasema ni taifodi. Kisha akaingiza namba ya kadi kwenye mashine, akaangalia, akaangalia tena.

"Haumo, mama."

"Najua simo. Ugonjwa ni wa Denis. Denis yumo."

Shamila hakushangaa. Alisema basi Denis aletwe. Denis akaitwa kutoka mpirani, akaja na bua la mtama anatafuna, akatolewa damu. Damu ilikuwa safi. Shamila akawaeleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara tatu tangu asubuhi, na kweli alikuwa amelieleza mara tatu: hawezi kumtibu aliye kwenye kadi kwa kuwa si mgonjwa, na hawezi kumtibu mgonjwa kwa kuwa hayumo kwenye kadi. Dawa zipo, za kutosha, zimejaa kabatini, maana wenye kadi hawazichukui. Akimpa Emiliana atadaiwa yeye.

Akamwandikia kwenye karatasi jina la dawa akanunue duka la mjini. Mbuzi wa kwanza akaenda hivyo.

Ikawa ndiyo desturi, na si nyumbani kwa Emiliana peke yake. Nyumba ya pili kutoka kanisani wa saba alikuwa mjomba kilema. Ng'ambo ya bwawa alikuwa mtoto wa kulea. Kila kaya iliyozidi sita ilikuwa na mtu wake, na kila mtu alimjua wa kila nyumba, kama watu wanavyojua nani ana ng'ombe wa maziwa. Shamila alichora safu mbili kwenye daftari lake: moja mgonjwa, ya pili mwenye ugonjwa. Wilayani walipoliona wakamwambia aifute hiyo ya pili, kwa sababu fomu ya taarifa haina safu hiyo na anawavurugia hesabu. Akaifuta kwa wino mweupe.

Emiliana alipokea vyote vilivyokuja. Jino la Priska lilimuuma upande ambao yeye mwenyewe hakuwa na meno. Ufizi mtupu ukavimba. Mafua ya Gerson yalikuwa hayakatiki. Anitha, aliyeanza kidato cha kwanza, alikuwa na maumivu ya kila mwezi, na Emiliana, ambaye mambo hayo alikwisha kuyasahau, alijikunja siku mbili kila mwezi akiwa amefunga khanga tumboni. Mwezi wa kumi Yotham alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili kule Mtumba. Alidondokea mkono, wenzake wakausikia ukilia, akasimama, akajipangusa, akaomba apewe gundi ya vigae. Saa hiyohiyo Emiliana alikuwa anachunga unga. Mkono wake wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kiwiko na chekecheo likamwagika. Priska aliukusanya unga ambao haukugusa mchanga.

Mwanzoni nyumba nzima ilikuwa na aibu. Denis alikuwa anaketi karibu na bibi yake, anampepea na daftari la hesabu. Yotham akirudi anauliza hali kabla hajavua viatu. Priska alimpikia uji wa ulezi hata bila kumuuliza, maana mgonjwa haulizwi uji. Lakini mtu huzoea. Ilipofika Krismasi aibu ilikuwa imepungua, na baada ya Krismasi Priska aliacha kuchemsha maji ya kunywa. Maji ya kule yanachimbwa kwenye mchanga wa korongo, yana rangi ya chai ya maziwa, na mkaa umepanda bei. Watoto waliyanywa hivyohivyo na hawakupata lolote. Miriam alikuwa anapanda miti ambayo zamani aliiogopa. Yotham naye, ambaye miaka yote alikata vigae akiwa amejifunga barakoa au hata kitambaa, aliiacha. Inatia joto, alisema, na inamzuia kuongea na wenzake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawakuwa wanamsema mtu mbaya. Walikuwa wanamsema mtu yeyote.

Emiliana akaanza kukohoa mwezi wa pili. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kikavu, kama unga wa chokaa, na kikikaa kwenye bakuli na maji kidogo kinaganda. Shamila alikivunja kwa kijiko, akakitazama, akasema ni vigae.

Jioni hiyo Emiliana alimsubiri Yotham mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mkono wake ulikuwa bado umefungwa kwa vijiti.

"Vaa barakoa, Yotham. Hilo vumbi halikuui wewe. Linaniua mimi."

"Nimesahau, mama. Nisamehe."

"Hukusahau."

Yotham akatazama chini. Alivaa barakoa siku tatu. Siku ya nne msimamizi aliwaharakisha, akaivua ili aone mstari wa kukatia vizuri.

Ni lazima isemwe kwamba alimpenda mama yake. Alikwenda kwa Swedi Jumamosi moja, akamkuta dukani kwa shemeji yake, akamwomba aifute kadi. Waifute kabisa, kila mtu arudishiwe chake. Swedi akafungua kishikwambi mbele yake, akamwonyesha: kitufe cha kufuta kipo, lakini ni cha kijivu, hakibonyezeki mpaka tarehe thelathini Juni. Yotham aliporudi na kumweleza mama yake, Emiliana akamkata kauli.

"Ukiifuta, taifodi ya Denis inarudi kwa Denis."

"Itarudi, ndiyo."

"Nimechoka, mwanangu. Sikufichi. Kuna siku namkasirikia hata huyo mtoto, nikimsikia anacheka huko nje. Halafu nikimwona anakimbia, nasema potelea mbali, bora mimi. Iache."

Akaiacha.

Mwezi wa tatu ulikuja ugeni kutoka Mtumba, magari matatu meupe. Wageni walikuja kujifunza. Takwimu za kijiji kile zilikuwa zimeshangaza wizara nzima, kwa maana ya kuifurahisha: katika miezi minane wanachama wa mfuko walikuwa hawajatumia huduma karibu kabisa, muda wa kusubiri zahanati ulikuwa dakika nne, na dawa zilikuwa zinabaki. Mkuu wa msafara alikuwa Bi Hamida, mama wa makamo, mstaarabu, mwenye viatu vya kufunika kwa sababu aliambiwa kuna miiba. Akaomba aione kaya moja ya wanufaika. Wakampeleka kwa Yotham, kwa kuwa uwanja ulikuwa umefagiliwa.

Priska na watoto walipangwa mstari mbele ya nyumba. Walikuwa wanang'aa. Bi Hamida aliwapa mkono wote, akawasifu, akapiga nao picha. Ndipo Emiliana akatoka ndani, anajishika ukuta, maana mgeni haingii uani kwako ukabaki umelala. Akasema mbukwenyi. Bi Hamida hakujua kuitikia Kigogo, akasema shikamoo.

"Na huyu mama?" akamwuliza Swedi.

"Huyo hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye kaya."

Emiliana alikohoa muda mrefu. Wageni wakasubiri. Bi Hamida aliitoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akaifungua kizibo, akampa, akamshika bega wakati anakunywa.

"Kwetu ni dada wa kazi," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anazungumzia foleni ya magari. "Sisi ni sita, yeye wa saba. Ana kisukari cha mume wangu. Mume wangu sasa anakula keki."

"Poleni," Emiliana akasema.

"Tumeshapoa, mama. Hili suala tumelipokea. Linafanyiwa kazi."

Na hakuwa anadanganya. Liliandikwa. Magari yakaondoka kwenda kula pilau kwa mtendaji, na Swedi siku hiyo alipewa cheti cha utendaji bora chenye mhuri.

Emiliana alifariki Alhamisi ya pili ya mwezi wa tano, asubuhi, Yotham akiwa kazini. Priska alikuwa amemshika kichwa. Mwisho hakuwa anakohoa, alikuwa anavuta hewa kwa kidogokidogo kama mtu anayekunywa chai ya moto, kisha akaacha. Shamila akaandika kwenye kibali cha mazishi kwamba sababu ya kifo ni vumbi la vigae. Kwenye umri akaandika hamsini na tisa. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya ua wa minyaa, na mwinjilisti Bartolomayo akasoma ibada yote bila kuruka. Yotham alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Kifua chake kilikuwa kizima, alilia kwa sauti kubwa.

Wakasubiri. Hakuna aliyesema wanasubiri nini. Walibaki sita na kadi ilikuwa ya watu sita, hakuna wa saba tena. Ilionekana kila mtu atarudishiwa chake. Priska akaanza tena kuchemsha maji. Wiki ya pili baada ya matanga, Gerson aliamka na homa kali. Wakamfunika, wakaketi naye. Chai ilipoiva homa ilikuwa imemtoka.

Anitha ndiye aliyegundua. Alikwenda kutafuta kuni pembeni ya minyaa akakuta mbuzi wawili waliobaki wamelala juu ya kaburi la bibi yake. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ule upepo wa Juni unaopasua midomo. Akawafukuza, akaweka mkono kwenye udongo. Ulikuwa wa moto. Akaenda kumwambia mama yake kwamba homa ya Gerson iko kwa bibi.

Kuanzia hapo walijua. Udongo ulipata joto na kupoa kwa zamu. Siku za Anitha ulikuwa unajikunja kidogo katikati, na Priska alikuwa anausawazisha kwa jembe. Yotham akirudi kutoka Mtumba alilisikia kaburi likikohoa kabla hajafika kwenye ua. Mwinjilisti Bartolomayo aliitwa. Alichuchumaa, akaweka kiganja, akafumba macho kidogo.

"Thelathini na tisa hivi," alisema. "Kadi yenu inaisha lini?"

"Tarehe thelathini."

"Basi msilipie. Mwacheni apumzike."

Yotham akasema hatalipia. Alisema hivyo kwa mwinjilisti, na baada ya mwinjilisti kuondoka akabaki pale akamwambia na mama yake mwenyewe: siku kumi na mbili tu, mama, vumilia. Huko ndani hakujibiwa chochote isipokuwa kikohozi.

Swedi alikuja tarehe ishirini na sita jioni na habari njema, na kila mtu alikubali kwamba ni habari njema. Mageuzi yalikuwa yameingia awamu ya pili. Mchango haujapanda, na kadi sasa ni ya watu saba.

"Ile hoja yenu ilifika," alisema. "Ilisikilizwa. Sasa mnaweza kumwongeza mama."

Priska alimwonyesha upande wa minyaa. Swedi alikuwa mazishini, alichimba hata kaburi, ila mdomo ulikuwa umezoea kusema kwa kila nyumba. Akaomba radhi. Akajaribu kuona kama inawezekana hivyohivyo, akafungua nafasi ya saba, akaandika jina la Emiliana. Kishikwambi kikataka kidole gumba. Wakakitazama wote watatu.

"Mwaka huu hatulipii," Yotham akasema.

Swedi akaandika kwamba kaya imeahirisha.

Kadi ikaisha siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi kaburi lilikuwa la baridi kama udongo mwingine wowote. Mbuzi walikuwa wamehamia ukutani kwa jikoni. Yotham alisimama pale na kikombe chake cha chai, akasikiliza, hakusikia kitu, na akajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia tangu mwaka uliopita. Mama amelala. Alimwita Priska aje asikilize. Priska akaja, akasikiliza, akarudi ndani kwa sababu Denis alikuwa anaita.

Denis alikuwa na homa. Chai iliiva, homa ikabaki. Saa nne ikabaki. Mchana akaanza kutapika. Miriam akavimba jino. Kule Mtumba Yotham alikohoa mara moja akiwa amepiga magoti, na kigae cheusi mbele yake kikawa cheupe. Akakipangusa, akakohoa tena. Lilikuwa vumbi la miaka minane na lilirudi lote kwa pamoja. Msimamizi akamwambia aende nyumbani, anawachafulia kazi.

Alhamisi wakaenda zahanati, yeye akiwa amembeba Denis mgongoni na kusimama kila hatua ishirini. Shamila aliwapima wote wawili. Denis alihitaji sindano za siku saba. Yotham alihitaji picha ya kifua mjini, na baada ya picha pengine Dar es Salaam. Aliwaandikia bei kwenye karatasi, akaigeuza upande wao.

"Ungekuwa na kadi, haya yote yasingekugharimu kitu," alisema.

"Ningekuwa na kadi nisingekuwa mgonjwa."

"Ndiyo," Shamila akasema.

Ijumaa Denis hakumtambua mama yake. Priska alimkanda kutwa kwa maji ya baridi. Jioni alitoka, akamkuta Yotham ameketi kizingitini na bakuli kati ya miguu, mdomo mweupe. Wote wawili walikuwa wanaliona kaburi kutoka pale, limetulia, jua la mwisho likiwa juu yake.

"Nilimwahidi," Yotham akasema.

"Mama ameshakufa, Yotham. Denis hajafa."

Yotham akatema kwenye bakuli. Alikuwa anafikiria jinsi pumzi inavyoishia njiani, na jinsi mama yake alivyovuta hewa kidogokidogo miezi mitatu bila kumwita aione. Aliogopa. Kabla ya hapo alidhani anajua alichokuwa amempa.

Jumamosi asubuhi alikodi pikipiki mpaka kwa Swedi. Alisema ni kwa ajili ya watoto. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote, na Swedi, ambaye alikuwa amesikia maneno hayohayo kwa kaya kumi na moja wiki ile, hakumwuliza zaidi. Akafungua kishikwambi, akamsomea majina sita. Nafasi ya saba akaiacha wazi. Yotham akabonyeza kidole gumba, na kabla hajakiinua alikuwa anahema vizuri. Alirudi kwa miguu, kilomita sita, bila kupumzika.

Alipofika ng'ambo ya reli alikisikia kikohozi. Denis alikuwa kizingitini anakula ugali kwa pupa, na jino la Miriam lilikuwa limenywea. Yotham akapitiliza mpaka kwenye minyaa. Priska alikuwa pale na ndoo ya maji na khanga. Alikuwa ameilowesha khanga, ameikamua, ameitandaza juu ya kaburi upande wa kichwa, na mvuke ulikuwa unapanda katika baridi ile. Yotham akachuchumaa upande wa pili, akamsaidia kuinyoosha ncha. Hawakutazamana.

Denis akaja akilamba vidole. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe.

"Hiyo homa ni ya nani?"

"Ya kwako," Priska akasema.

"Asante, bibi," Denis akasema, akaenda mpirani.

Khanga ilikuwa imekwisha kukauka. Priska akaichovya tena kwenye ndoo, akaikamua, akaitandaza.